Enosi Nsajigwa Mwakatobe, Fundi wa Upepo (1954–1998)

Baba Mchungaji, wazee wetu, shikamooni. Majirani na marafiki, poleni kwa msiba na poleni kwa mvua. Mimi ni Atupakisye, mdogo wa marehemu, tumbo moja. Karatasi mlizonazo mkononi zilichapwa juzi Tukuyu mjini, nami nitazifuata mpaka karibu na mwisho. Mambo ya mwisho yametokea leo asubuhi, hayamo humo, hivyo nitayasema kwa mdomo. Nikishindwa, naomba mniimbie ubeti mmoja nipumue, kisha nitaendelea.

Marehemu Enosi Nsajigwa Mwakatobe alizaliwa tarehe 3 Mei 1954 hapa hapa Lupepo, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Nsajigwa Mwakatobe na mama yetu Tupokigwe, ambaye mnamwona ameketi pale mbele. Alibatizwa mwaka uleule. Baba yetu alifariki mwaka 1967, Enosi akiwa darasa la sita. Wote mnajua kwetu mtu hazikwi hivihivi. Ndugu huja na nguo, kila mmoja na yake, marehemu akavikwa, akaenda kwa wenzake akionekana ana watu. Lakini mwaka ule wajomba walikuwa migodini huko Kusini na nyumbani hapakuwa na kitu. Baba alizikwa na shuka la amerikani lililokwisha kulaliwa, lenye kiraka mgongoni. Mama hakuwahi kulisahau lile shuka. Enosi naye hakulisahau, na nadhani maisha yake yote yaliyofuata yalianzia kwenye kile kiraka.

Alisoma shule ya msingi hapa Lupepo na kumaliza darasa la saba mwaka 1968. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa hesabu na mbaya wa kunyamaza. Hakuchaguliwa kuendelea. Alichuma chai za watu upande wa Suma kwa miaka michache, kisha akajifunza ufundi mitambo Mbeya mjini, na mwaka 1976 akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo Dar es Salaam.

Alianzia kwenye mashine za zamani, zile zinazorusha kibao chenye uzi ndani yake, huku na huku, kwa kelele zinazoua masikio. Mwaka 1984 kiwanda kilileta mashine mpya zisizo na kibao. Zile hupitisha uzi kwa upepo. Nyuzi za mtande zimetandazwa kwa urefu, halafu nozo inapuliza upepo wa kompresa, na uzi wa mshindio unaruka katikati kutoka upande huu mpaka ule kabla hujapepesa jicho. Enosi alikabidhiwa upepo huo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha una nguvu ya kutosha na hauna hata tone la maji, kwa sababu uzi ukilowa njiani haufiki. Wenzake wakamwita Fundi wa Upepo, na jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Likizo ya mwaka ule alikuja nyumbani. Mama akamuuliza hiyo mashine isiyo na kibao inafumaje. Enosi akakata bua la jani la boga, akatia ncha ya uzi ndani yake, akapuliza. Uzi ukaruka jiko zima ukatua ndani ya sufuria ya maharage. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Gwe Enosi, kumbe huko Darisalama mnalipwa kwa kupuliza?" Enosi akamwambia, "Ndiyo mama, na siku moja nitakupulizia nguo yako. Hutakwenda kwa baba na kiraka." Mama akasema, "Nimesikia. Na Kyala, Mungu wetu, amesikia." Tangu siku hiyo ikawa ahadi, na Enosi hakuwa mtu wa kuahidi kwa mzaha.

Alifunga ndoa takatifu na wifi yangu Ikupa tarehe 18 Desemba 1982 katika kanisa letu la hapa Lupepo. Naona nimeitanguliza likizo kabla ya ndoa, mnisamehe. Walijaliwa watoto watatu: Jackson, Doreen na Edward. Ikupa alibaki nyumbani akitunza mama, migomba na kishamba cha chai, na Enosi alikuja kila mwaka akiwa na zawadi za kila aina isipokuwa kitambaa. Pale getini kiwandani walikuwa wanapekuliwa hadi kwenye soksi. Mama akawa anamtania, "Mfumaji, umeniletea upepo mtupu tena?"

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Mimi si mtu wa siasa, ni mfanyakazi wa kiwanda cha chai, chumba cha kukaushia majani, lakini macho ninayo. Tuliambiwa milango ifunguliwe na biashara itastawi. Yakaingia marobota ya mitumba, shati moja kwa bei ya kikombe cha chai, na nani angenunua kitambaa kipya akatafute na fundi cherehani? Kiwanda cha Enosi kilipunguza zamu, kikapunguza watu, na mwaka 1996 kikafungwa. Mwaka uliofuata mashine zikauzwa kama chuma chakavu. Mashine aliyoilea kwa miaka kumi na miwili ilikuwa inasubiri nyundo.

Enosi alikuja Lupepo bila kuarifu, akauza kishamba cha chai, akarudi Dar es Salaam kununua mashine moja na kompresa. Ikupa alilia wiki nzima. Nilimwambia kaka waziwazi kwamba amerukwa na akili. Akanijibu, "Atu, nitafuma sare za shule wilaya nzima. Lakini nguo ya kwanza ni ya mama." Ndugu zangu, hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa mtu aliyeona nyumba inaungua akakimbilia kuokoa kitu kimoja.

Na hapo ndipo alipokosea. Kule kiwandani upepo ulipita kwanza kwenye mtambo wa kuukausha. Huo mtambo ulikuwa unauzwa pia, na lori lilikuwa na nafasi. Enosi akauacha. Kwa miaka yote ya Dar es Salaam, kwenye joto na jasho, aliwatambia wenzake kwamba upepo wa Rungwe hauna mfano, ni safi, ni baridi, ukiuvuta unashiba. Wakamuuliza, "Huu huuchukui?" Akacheka. "Upepo wa kwetu hauhitaji kukaushwa." Mnaoishi hapa mnajua ukungu unaingia mpaka ndani ya kabati. Nguo tukianika Jumatatu tunaanua Alhamisi, na bado tunazimalizia jikoni. Ni mtu wa Tukuyu tu, tena aliyekaa mbali akiikumbuka sana, angeweza kusahau kwamba upepo wetu una maji.

Mashine ilifika mwezi Septemba 1997 na kufungwa mjini Tukuyu, katika chumba cha nyuma cha rafiki yake Dickson mwenye mashine ya kusaga, ambako kuna umeme wa kutosha. Mwezi Oktoba zikaanza zile mvua za El Nino, nazo hazikukatika. Enosi akawasha. Uzi uliruka robo ya njia ukaanguka. Akawasha tena, nozo ikatema maji kama mtoto anayecheua. Wiki zikapita hivyo. Alikuwa akifungua kompresa, anamwaga maji, anawasha, uzi unaanguka. Dickson akamwambia, "Braza, uza chuma, watu wa skrepa wanapita kila siku." Enosi akapanda basi kuufuata ule mtambo wa kukaushia. Alikuta umeshakatwa vipande. Aliporudi alikuwa ameanza kukohoa.

Wakati huohuo nyumbani mambo yaliharibika. Chai haikuwepo tena, na Jackson alirudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Ikupa alimletea Mama shuka zuri la mitumba, jeupe, akamwambia, "Mama, chukua hili uweke, tumwache huyu mtu apumzike." Mama alilishika, akalinusa, akalirudisha. "Mwanangu, hili la marehemu wa Ulaya. Nikimkuta baba Enosi nimevaa la mtu mwingine, atasema nimeolewa huko." Sisi tulicheka. Enosi hakucheka. Aliinuka akaenda zake Tukuyu kwa miguu, mvua ikimpiga.

Mwezi Januari mwaka huu alikuja kiwandani kwetu, akasimama nje ya chumba cha kukaushia mpaka nilipotoka. Alikuwa amekonda. Akaniuliza majani tunayafanyaje. Nikamwambia, "Kaka, sisi majani hatuyabembelezi, tunayapuliza kwa joto." Akasema joto peke yake halitoshi, maji yatabaki ndani ya upepo na kutoka tena mbele ya safari. Kisha akasema kama anayeongea peke yake, "Kwanza niupoze upepo, maji yatoke. Halafu ndiyo joto." Alikunja bomba refu la shaba akalizamisha ndani ya pipa la maji ya mtoni, yale yanayouma vidole. Upepo ukipita humo unapoa, maji yanajitenga, anayamwaga kwa koki. Kisha bomba linapita juu ya jiko la mkaa upepo upate joto kidogo. Maji ya pipa yalipopata uvuguvugu ilibidi yabadilishwe, na mto uko bondeni. Aliyabeba mwenyewe, kwa ndoo, akiwa na kifua kile. Nilimkataza. Ikupa alimkataza. Dickson alijitolea kubeba, Enosi akasema, "Wewe angalia mkaa."

Ilikuwa alasiri ya tarehe 17 Februari. Mimi nilikuwepo. Aliwasha, na uzi ukaruka ukafika upande wa pili. Ukaruka mwingine. Kisha hatukuweza tena kuona uzi, tukaona kitambaa kinashuka, cheupe, kinashuka kweli. Dickson alipiga kelele mpaka wateja wa kusaga wakaja wamejaa unga. Enosi hakupiga kelele. Aliweka kiganja chake juu ya kitambaa, akakiacha kipite chini yake. Kilikuwa kimefika urefu wa Mama wakati kompresa ilipolia vibaya, ikatoa moshi, ikanyamaza. Beringi zilikuwa zimekwisha kwa maji ya miezi yote ile. Haikuwaka tena mpaka leo. Sare za shule hakufuma hata moja.

Alikata kile kitambaa, akakikunja ndani ya fulana yake kisilowe, akakileta Lupepo. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti, mama mzima akimpigia magoti mwanawe. "Ndaga, tata," yaani asante, baba. Akakiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Enosi alilala kitandani tangu wiki iliyofuata. Madaktari walisema ni mapafu, vumbi la pamba la miaka mingi na nimonia juu yake. Tunawashukuru kwa yote waliyofanya. Alikuwa akiuliza kama kompresa nyingine imepatikana. Ikupa alimjibu ndiyo, imepatikana, inakuja na lori. Alifariki dunia Jumatano tarehe 22 Aprili 1998, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka arobaini na tatu.

Karatasi yenu inaishia hapo na majina ya wafiwa. Sasa nasema yasiyoandikwa.

Leo asubuhi ndugu wameleta nguo, kama ilivyo desturi. Mablanketi, mashuka, yote ya mitumba, kwa sababu ndiyo yaliyopo sokoni, na tunashukuru. Tulipotaka kumvika, Mama akaingia na sanduku lake la bati. Alitoa kile kitambaa, akasema, "Hiki kwanza." Nikamwambia, "Mama, hicho ni chako." Akasema, "Amefanya kazi yote hiyo, aende na kiraka kama baba yake?" Akamfunika kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kitambaa kilipimwa kwa Mama, na mnajua Enosi alivyokuwa mrefu. Kiliishia chini kidogo ya magoti. Mtu mmoja akanyoosha blanketi. Ikupa akamzuia. Ikupa, ambaye tangu kishamba kiuzwe hakukanyaga chumba cha mashine, alifungua kiunoni kitenge alichovaa siku ya harusi yake, akaifunika miguu ya mumewe, akakipenyeza pembeni kama mtu anayemlaza mtoto. Ndivyo alivyo ndani ya jeneza hili.

Mama alibaki amesimama. Akatutazama wote mle ndani, mmoja mmoja, akauliza, "Aliyesema atanivika ndiye huyu. Sasa mimi nani atanivika?" Mimi binti yake sikumjibu. Nilitafuta neno, sikulipata, na mpaka nasimama hapa sijalipata.

Marehemu ameacha mama, Tupokigwe, mjane, Ikupa, watoto watatu, Jackson, Doreen na Edward, dada mmoja, ambaye ni mimi, na mashine moja ya kufuma iliyoko nyuma ya mashine ya kusaga ya Dickson, yenye uzi wa mtande ambao haujakatwa.

Bwana ampokee Enosi na ampe pumziko la amani, mahali pasipo ukungu. Nanyi mtakaopita kumpa pole Mama, kama yupo mwenye jibu la swali lake, amwambie leo, kabla hatujafukia.