Raheli Simeoni na Miti Miwili ya Zizi

Ndugu waombolezaji, familia imeniagiza niwasomee njia aliyoipita mama yetu, marehemu Raheli Simeoni, ambayo wengi wenu mliipita pamoja naye.

Raheli alizaliwa Kinyangiri tarehe 14 Machi 1936, mtoto wa tatu wa Mzee Simeoni Msengi na Mama Yunisi, akasoma shule ya misheni hapo hapo, akahitimu uuguzi mwaka 1957, na tarehe 9 Januari 1960 akafunga ndoa na Mwalimu Naftali Kitundu, wakajaliwa Dina, Nathanaeli na Esta.

Mwaka 1966 alirudi kutoka masomoni akiwa mtaalamu wa tiba ya viungo, akapewa chumba katika hospitali yetu, chenye vyuma viwili vya kushikilia, na humo waliopooza walijifunza kutembea upya.

Agosti 1975 hospitali ilipangwa upya, chumba kikawa stoo ya dawa, naye akahamishiwa wadi ya wazazi, ikisemwa kwamba mazoezi yanaweza kufanywa na muuguzi yeyote kando ya kitanda, na kwamba baada ya mwaka kamati itaamua kama kazi yake ifutwe kabisa. Raheli hakugomba, aliomba aachiwe siku ya Alhamisi tu, akawa anaendesha baiskeli hadi kijiji kipya cha ujamaa hapa Kinyangiri, akawaomba wazee wafunge miti miwili ya zizi usawa wa kiuno cha mtoto, iwe badala ya vile vyuma. Wanaume walimtania kuwa ni mchungaji wa zizi lisilo na ng'ombe, naye akacheka pamoja nao huku akikaza kamba.

Jumanne tarehe 10 Agosti 1976, kamati ikiwa imekaa, aliingia Kristina, binti wa miaka saba aliyekuwa akibebwa mgongoni tangu apooze, mmoja wa watoto wa miti ile, akatembea kwa fimbo yake hadi mezani, akawaamkia wakubwa shikamoo, mmoja mmoja. Daktari Alphonce, mganga mkuu, aliyeuandika mpango ule kwa mkono wake, akasimama.

"Mama Dina, njoo uchukue ufunguo wa chumba chako."

"Nitauchukua, Daktari, lakini Alhamisi yangu msiiguse."

Hadi mwaka 1981 miti ya namna hiyo ilisimama katika vijiji saba.

Januari 1982 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, akaomba apelekwe kwenye miti ile ile, na Kristina akamhesabia hatua kwa ukali aliofundishwa naye, mpaka Pasaka Raheli akaingia kanisani kwa miguu yake. Kiharusi cha pili kilimchukua nyumbani, Ijumaa tarehe 3 Septemba.

Familia inamshukuru Daktari Alphonce na wauguzi, majirani waliotuchotea maji na kulala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wamefunga chumba cha viungo kwa mara ya kwanza tangu ufunguo ule urudi.

Kaburini watatangulia wale aliowasimamisha, nao wameomba tusiwaharakishe. Pumzika kwa amani, Mama Dina, wanakusindikiza kwa miguu yao.