Bwana Ndoo na Maji ya Asubuhi Tisa

Wengi mliokusanyika hapa mlimjua marehemu kwa jina la Bwana Ndoo, na kwa jina hilo mmekuwa mkimlilia tangu Alhamisi. Lipo jina jingine, lile la kunong'onezwa. Leo nalo litatajwa, kwa sababu mjane wake hataki udongo umfunike mumewe akiwa bado amelibeba. Wasifu huu ameuandika mara tatu. Mara mbili za mwanzo aliliruka jambo hilo, akachana karatasi. Mara ya tatu ameliandika, na amemwomba binti yao mkubwa asome yote, asiruke hata mstari mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1950, mtoto wa nne kati ya sita wa baba fundi seremala na mama mshona nguo. Nyumbani kwao maji yalichotwa kisimani, nusu saa kwenda na zaidi ya hapo kurudi, maana kurudi kuna mzigo. Dada yake, ambaye yuko nasi leo, anasimulia kwamba mama yao alikuwa na adhabu moja tu: aliyemwaga maji alirudi kisimani peke yake. Marehemu alirudi mara moja, akakoma, kisha akaanza kuwakomesha wenzake. "Hata ukitaka kupiga chafya karibu na mtungi," anasema dada yake, "kaka anakusogeza kwanza, halafu ndiyo anakwambia pole."

Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza masomo ya msingi mwaka 1965. Hakuwa wa kwanza darasani, ila katika hesabu hakuna aliyemfikia. Mwaka 1967 alijiunga na chuo cha ufundi akasomea ufundi bomba, na alihitimu Novemba 1969. Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa na idara ya maji. Miaka minne alichimba mitaro na kulaza mabomba, kisha akapewa kazi aliyoipenda kuliko zote, kusoma mita.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na saba, kwa baiskeli, akiwa na daftari, tochi, na kitambaa cha kufutia kioo cha mita. Nyumba alizijua kwa maji yake. Alijua nani ana wageni, nani amejaliwa mtoto mchanga, na nani bomba lake limepasuka chini ya sakafu bila yeye mwenyewe kujua. Alikuwa akigonga mlango na kusema, "Mama, choo chako kinaongea peke yake. Kisikilize." Mwenye nyumba akienda kusikiliza, kweli, maji yanapita kwenye tangi tiririri, usiku na mchana. Hakuna aliyemwomba kazi hiyo, na wengine walimwona mmbea.

Mwaka 1977 alikutana na mwalimu kijana katika shule iliyokuwa kwenye njia yake. Mita ya shule ilikuwa karibu na dirisha la darasa lake, na marehemu alihitaji muda mrefu ajabu kuisoma. Siku ya kujitambulisha ukweni, mjomba wa binti, mtu mzito wa cheo na mwili, alisimama kunawa mikono. Marehemu aliruka kutoka kitini, akakinga beseni chini ya mikono ya mzee, kisha akaliinua, akaenda nalo nje na kuumwagia mpera.

"Kijana," mjomba akauliza, "maji niliyonawia mimi unayapeleka wapi?"

"Kwenye mti, mjomba. Una kiu."

"Na mpwa wangu ukimwoa, machozi yake utayakinga pia?"

"Hayo sitarajii kuyapata, mjomba."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978, na mjomba huyohuyo aliwapa zawadi ya ndoo mbili. Jina la Bwana Ndoo lilianzia hapo.

Waliowahi kuingia nyumbani kwao wanazijua taratibu zake. Meno yalipigwa mswaki kwa kikombe kimoja cha maji. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye mboga za bustanini, ya kufulia yalitumika kudekia sakafu na kisha kusafishia choo. Maganda yote, ya ndizi, ya viazi, ya mayai, yaliingia kwenye shimo la mbolea nyuma ya jiko. Maharage yalilowekwa tangu jana yake ili yasile mkaa mwingi, na sufuria bila mfuniko ilikuwa kosa. Taa ya chumba kisicho na mtu aliizima huku akisema, "Viti havisomi." Sokoni alikwenda na kikapu chake, na mifuko michache ya plastiki iliyopenya nyumbani ilioshwa, ikaanikwa kambani kama nepi.

Itasemwa wazi kwamba mkewe alikuwa akiona haya. Alikuwa mwalimu, baadaye mwalimu mkuu, na ile mifuko ilipepea mbele ya wazazi wa wanafunzi wake. Watu walisema ni uchoyo. Haukuwa uchoyo. Mtu mchoyo hawi na watoto watatu waliosoma hadi chuo, wala mlango wake haubishwi na majirani wenye madumu kila mabomba ya mtaa yanapokauka. Matangi yake ya maji ya mvua yalikuwa wazi kwa kila mtu, na hakuna aliyewahi kuulizwa atarudisha lini.

Sasa lile jambo.

Mwaka 2001 mvua hazikunyesha. Idara ya maji ilianza kuwasaka waliojiunganishia bomba la pembeni, yaani bomba la wizi linalopita kando ya mita. Kwa utaratibu wa kazi, msomaji haruhusiwi kusoma mita ya nyumba yake, hivyo ya nyumba hii ilisomwa na mwenzake, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye naye yupo hapa leo. Nyumba za jirani zilikuwa zikitumia uniti ishirini kwa mwezi. Nyumba ya marehemu, yenye watu watano, ilitumia tano.

Mwezi Julai, marehemu akiwa kazini, rafiki huyo alisimama mlangoni bila kutaka kuketi.

"Shemeji, mita yenu imeingizwa kwenye orodha. Wanasema tano haiwezekani."

"Si wewe umezoea kuja hapa? Si umeziona ndoo?"

"Mimi nimeziona. Wao wameona namba. Mwezi ujao wakikuta namba ileile, watakuja na sururu. Mwambie Ndoo."

Mkewe hakumwambia. Alijua angejibiwa nini: namba ni ya kweli, iacheni. Yeye alikuwa akiziona sururu, na majirani ukutani, na wazazi wa wanafunzi wakisema mwalimu mkuu analala na mwizi wa maji. Ilikuwa likizo ya shule. Kwa asubuhi tisa mfululizo, baiskeli ya mumewe ilipokata kona tu, alifungua bomba la nyuma, akaliacha limwagike mtaroni zaidi ya saa nzima, na yeye amesimama hapo akitazama mita ikizunguka. Katika mwaka ambao watu walipanga foleni kwa dumu moja, mwanamke msomi alimwaga maji ili nyumba yake ionekane ya kawaida.

Namba iliruka kutoka tano hadi kumi na sita, na hapo ndipo alipoharibu mambo kabisa. Idara ilisema kwamba mwizi ameonywa, ameng'oa bomba lake, na sasa maji yote yanapita kwenye mita. Sururu zilikuja tarehe 20 Agosti. Walichimba kando ya ukuta wote, hadi kwenye shimo la mbolea, majirani wakishuhudia. Hawakupata kitu. Lakini mkaguzi alikuwa na swali lake.

"Tano, tano, tano, halafu kumi na sita. Nini kilitokea?"

"Mwezi ule maji yalitumika zaidi," marehemu akajibu.

"Na nani? Kwa kazi gani?"

"Yalitumika nyumbani kwangu. Andika jina langu."

Mkewe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na hakutoka. Marehemu alisimamishwa kazi miezi minane. Wizi haukuthibitishwa, wala hakusafishwa. Aliporudi alipelekwa stoo, akahesabu koki na mipira ya kuzibia hadi alipostaafu tarehe 3 Agosti 2010. Hakusoma mita tena. Mtaani wakaanza kumwita Pembeni, kwa sauti ya chini, na watoto wake walilisikia jina hilo njiani kwenda shule. Yeye aliendelea kukinga beseni.

Mwaka 2019 moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Daktari alimwekea kipimo cha maji ya kunywa kwa siku. "Daktari, umechelewa," alimwambia. "Kozi hiyo nimeimaliza zamani." Daktari alicheka, mkewe hakuweza. Siku moja mwezi Aprili mwaka huu, mchana, mkewe akimpimia maji yake kwenye glasi, yalimwagika kidogo mezani. Akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza akamweleza habari za zile asubuhi tisa.

"Nilijua siku ya tisa," marehemu akasema. "Mtaro ulikuwa umeota majani mabichi, mama watoto. Mtaa mzima umekauka, kwetu vyura wanaimba."

"Na hukusema? Miaka yote hii?"

"Ningesema nini? Wangekuondoa shuleni. Mimi nilikuwa nimeshazoea majina. Futa meza, na kitambaa ukikamulie kwenye ua."

Alilazwa tarehe 5 Juni 2022, na Alhamisi, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa na mkewe na binti yake mkubwa.

Siku iliyofuata mjane aliiandikia idara ya maji akaeleza nani alifungua bomba, kwa nini, na kwa siku ngapi. Nakala ya barua hiyo iko katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, kwa sahihi yake. Jibu halijaja, na familia haijui litakuja na nini. Mjane anajua pia kwamba baadhi ya aliowafundisha mko hapa, nanyi mtatazamana. Tazamaneni. Marehemu hakuiba hata tone.

Jana adhuhuri, kabla kijitabu hakijapelekwa kwa mpiga chapa, mjane alimwomba yule rafiki wa marehemu aisome mita ya nyumba mara moja zaidi. Aliinama kwa shida, akakifuta kioo kwa kitambaa cha marehemu, akasoma kwa sauti. Tangu Alhamisi nyumba imepokea watu zaidi ya mia moja. Imewapikia, imewaoshea vyombo, imewanawisha. Imetumia uniti saba. Mkewe peke yake, kwa asubuhi tisa, alimwaga kumi na moja.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, dada mmoja, na rafiki mmoja aliyegonga mlango kwa nia njema. Ameacha pia mipera sita, shimo la mbolea, na ndoo mbili za mjomba, moja ikiwa na kiraka.

Tukirudi nyumbani kutoka hapa, mtakuta mabeseni yamepangwa mlangoni. Naweni juu yake, msimwage nje. Wajukuu watayapeleka kwenye mipera. Apumzike kwa amani aliyeomba jina lake liandikwe mahali pa jina la mwingine, na atakayenawa wa mwisho afunge bomba.