Kikohozi Alichokibana Kaka Yetu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mabaharia mliojipanga huko nyuma kana kwamba mnasubiri zamu, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya kaka yetu, na nimeonywa nisitie chumvi, jambo ambalo nitajitahidi.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya watano, baba akiwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama akishona sare za shule. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha ufundi hadi Novemba 1981, ambako alijifunza kuchomelea na kufunga mabomba, na ambako, kwa maneno yake mwenyewe yasiyo na shahidi, hakuna aliyemfikia darasani.

Tarehe 2 Mei 1984 alipanda meli yake ya kwanza ya mizigo kama fundi mabomba wa chumba cha injini, na wenzake wakampa jina la Pasi, kwa sababu alinyoosha ovaroli kabla ya kushuka kwenye joto na grisi, akapanda akiwa mweusi tititi, na kesho yake akainyoosha tena. Kazi yake ilikuwa kubandua asbesto kuukuu, zile nyuzi za kuzuia joto, iliyofunika mabomba ya mvuke, kuziba palipovuja na kufunika upya, na lile vumbi jeupe lilimkalia kwenye nyusi, nasi tulipoona picha tulimtania kwamba amezeeka mapema.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuza vitambaa, wakajaliwa wasichana wawili na mvulana, waliozaliwa 1989, 1992 na 1997, wote baba yao akiwa baharini, hata shemeji akazoea kusema kwamba mumewe huja nyumbani kuhakikisha watoto wametimia, kisha huyoo, anaondoka.

Sasa nitasema jambo ambalo kila baharia aliyepo hapa analijua. Kabla ya kila mkataba mtu hupimwa na daktari, na anayekohoa mbele ya daktari huyo hapandi meli, kwa hiyo kikohozi kilipomwanza kaka mwaka 2009 alijifunza kukibana, akiweka karafuu chini ya ulimi, akipumua kidogo kidogo kwa pua, akijibu kwamba yuko fiti, kisha akitoka nje anashika ukuta na kukohoa hadi machozi. Alifanya hivyo mkataba baada ya mkataba, kwa ajili ya watoto wake na wakati mwingine kwa ajili yangu, na hakutuambia.

Alishuka meli ya mwisho tarehe 18 Juni 2016, na mwezi uliofuata alianguka kwenye ngazi za nyumbani kwake, hospitali ikakuta mapafu yamekakamaa kwa lile vumbi la asbesto. Alipodai fidia, kampuni ya meli ilijibu kwa adabu zote kwamba vyeti vyake vilionyesha mapafu salama, hivyo ugonjwa ameupata nyumbani. Fedha alizihitaji, tusidanganyane, lakini kilichomkosesha usingizi ni hilo neno nyumbani, na alichotaka ni watamke kwamba mapafu yake yaliharibikia kazini.

Daktari wetu na wa kampuni walipopingana, baraza la usuluhishi tulikopeleka madai liliteua wa tatu, ambaye kauli yake ingekuwa ya mwisho, na tarehe 7 Februari 2018 tulimsindikiza kaka, mimi na shemeji, tukimsihi njia nzima akohoe tu kama anavyokohoa siku zote. Kaka aliingia, akaona koti jeupe, akanyoosha mgongo, na alipoulizwa hali akajibu kwamba yuko fiti, hana shida yoyote, daktari akaanza kuandika, nami nikashika kichwa. Shemeji alimwinukia mumewe, akamwamuru afungue kinywa, akaitoa karafuu na kuiweka juu ya meza ya daktari, kisha akamwambia polepole, baba watoto, hapa hakuna meli. Kaka akakohoa, akakohoa mpaka daktari akaacha kalamu na kumshika mgongo, na ndiyo siku ya kwanza nilipomwona kaka yangu akilia.

Tarehe 30 Oktoba 2018 baraza liliamua kwamba ugonjwa ulitokana na kazi, kaka akaniomba nimsomee sentensi hiyo mara mbili, kisha akaagiza pasi, akanyoosha shati, akakaa nalo kibarazani hadi jioni.

Alifariki tarehe 11 Agosti 2019, saa nne asubuhi, kitandani kwake, shemeji akiwa amemshika mkono, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari, na yule wa tatu ambaye amekuja leo bila kualikwa, tunawashukuru majirani waliosikia kikohozi kile ukutani usiku na mchana wasilalamike, na mabaharia waliosimama mbele ya baraza la usuluhishi kueleza habari za vumbi ilhali bado wanahitaji mikataba. Kati yenu yuko anayekibana sasa hivi, nami namwomba, kwa heshima ya Pasi, asikibane tena.

Kaka, vipimo vimekwisha, hakuna anayekuuliza hali. Pumzika kwa amani, na kifua ukiachie.