Mpira Uliogusa Majani

Sogeeni, wanangu, wala msinikatize, maana pumzi niliyobakiza haitoshi kesi mbili. Lettice, acha pazia wazi. Najua yupo pale kwenye lango la ubavuni, kofia mkononi, kama alivyosimama kila asubuhi tangu Jumatatu, na wewe, Godfrey, usithubutu kumwitia polisi.

Yule ni Jabez Hollick. Miaka ishirini na moja iliyopita tulipambana naye katika kriketi hapa Kent, sisi mabwana tusiolipwa tukiingia uwanjani kwa lango la mbele, wao wachezaji wa ujira wakipita ubavuni. Siku ile alitutesa kwa gongo lake la kupigia mpira tangu asubuhi, hata akaupiga mpira mmoja chini chini, nikaudaka; na mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji hutolewa. Mwamuzi alikuwa amepigwa na jua machoni, akaniuliza mimi, kama desturi ilivyo, kwa kuwa neno la bwana halikuhitaji shahidi. Nikamjibu nimeudaka safi. Wanangu, uligusa majani kwanza.

Jabez akasema, "Bwana Pellew, mpira umedunda, na wewe umeuona." Watu wakamcheka: "Toka, Jabez, bwana keshasema." Kwa kumwita bwana mwongo akafukuzwa, na hakuna klabu nyingine iliyomtaka.

Mwaka wa saba baada ya hapo jengo la klabu likaungua, akakamatwa Jabez. Nilikwisha kuwa wakili, na kesi ya kumshtaki, niliyopaswa kuikataa, nikaipokea. Ushahidi ulikuwa kibiriti na chuki tu, basi nikawaambia wale kumi na wawili wa baraza la mahakama waliokaa kumhukumu, "Huyu ndiye aliyemwita muungwana mwongo." Ikatosha. Akafungwa miaka kumi na minne, mkewe akafia nyumba ya maskini. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajaitembea yangu.

Ule mpira wenye utepe wa fedha, mliokatazwa kuushika utotoni, ndio wa siku ile; mpeni Jabez. Chini yake pana karatasi ya kuungama haya yote, niliyoisaini mbele ya kasisi. Godfrey, isome uwanjani Jumamosi, kabla hujashika gongo. Watakuzomea, na jina letu litaanguka, najua. Ukiichoma sitakulaani, mwanangu. Ila keshokutwa atakuwa amesimama palepale, na nyumba itakuwa yako, naye atakuwa wako.

Maji... basi, yatosha. Mungu awalinde, awape ndimi zisizobeba mzigo kama wangu. Lettice, bado yupo? Anakuja huku? Msimpitishe ubavuni, wanangu. Mfungulieni... lango la mbele.