Siku ya Bangwe: Maisha ya Mzee Elikana Yona Bitegeko (1953–2025)

Wasifu huu wa marehemu Mzee Elikana Yona Bitegeko umeandikwa na binti yake mkubwa, Recho, naye ndiye anayeusoma mbele yenu leo, Alhamisi tarehe 23 Oktoba 2025, hapa nyumbani kwake Katubuka. Baadhi ya wazee wa ukoo waliuona juzi wakashauri mambo fulani yaachwe, kwa kuwa msibani si mahali pa kuanika ya ndani. Recho aliwasikiliza kwa heshima zote, lakini hakuyaacha. Marehemu alikuwa fundi wa mitumbwi, na alikuwa akituambia tangu tukiwa wadogo kwamba fundi anayeziba ufa kwa rangi anamzamisha mwenzake.

Mzee Elikana alizaliwa Kagunga tarehe 4 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Yona Bitegeko na marehemu Bibi Melania. Kagunga ina milima nyuma na ziwa mbele, na mtoto wa huko hujua kupiga kasia kabla hajajua kuhesabu. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alizaliwa siku ya dhoruba kubwa, mawimbi yakigonga mpaka mlangoni. Bibi Melania alilikanusha jambo hilo hadi anaingia kaburini. "Siku ile ziwa lilikuwa limelala kabisa," alisema. "Aliyekuwa anapiga kelele ni wewe."

Alianza shule Kagunga mwaka 1961, akasoma hadi darasa la nne. Mwaka 1965 alipanda mtumbwi kuja Kigoma mjini kwa mjomba wake Leodgar, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Hesabu alizipenda, kuandika kulimchosha. Barua yake ndefu kuliko zote iliyobaki ndani ya familia ina mistari minne, na miwili kati ya hiyo ni salamu. Maneno ya mdomoni nayo aliyabana hivyo hivyo, na tabia hiyo ilikuja kumgharimu, kama mtakavyosikia.

Mjomba Leodgar alikuwa akiunda mitumbwi mwaloni Ujiji, na kuanzia Januari 1968 Elikana alikuwa mwanafunzi wake. Miaka saba alichonga, akapiga randa, akajifunza kuziba maungio kwa pamba iliyolowekwa mawese na kupaka lami juu yake. Mwaka 1975 aliunda mtumbwi wa kwanza wa mkono wake mwenyewe, wa mbao za mvule, akauita Subira. Hadi alipostaafu mwaka 2011 alikuwa ameunda mitumbwi zaidi ya tisini. Aliipima mbao kwa kuigonga na kifundo cha kidole na kutega sikio, na wavuvi waliokuwa wakimcheka kwa hilo ndio hao hao waliopanga foleni kwake.

Alifunga ndoa na Mapendo Kasongo tarehe 12 Agosti 1978, Ujiji. Baba yake Mapendo, Mzee Kasongo, alikuwa amevuka ziwa kutoka Kongo, na kazi yake ilikuwa kukausha nyama kwa moshi nyuma ya nyumba na kuiuza sokoni. Elikana alipoleta posa alipewa nusu ya mbuzi na kuonyeshwa kichanja: aikaushe, mkwe aione. Mapendo akatoka kuchota maji, kijana akamfuata kwa macho, kisha akamfuata kwa miguu. Waliporudi nyama ilikuwa mkaa. Mzee Kasongo aliitazama, akasema, "Kijana, huwezi kuangalia moto na binti yangu pamoja. Chagua." Elikana akajibu, "Shikamoo baba, nimeshachagua." Mzee alicheka, akamwambia arudi wiki ijayo na mbuzi wake mwenyewe. Alirudi, na safari ile hakugeuka nyuma hata alipoitwa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Recho mwaka 1982, Adolf mwaka 1985 na Erasto mwaka 1990.

Alipostaafu, kile alichofundishwa na mkwe wake kikawa ndiyo furaha yake. Nyuma ya nyumba hii, pale mnapoona masufuria ya msiba, alijenga tanuri la matofali, akaweka pipa juu na kichanja cha nondo ndani. Kila mwaka kiangazi kinapokwisha, kabla mvua za Oktoba hazijashika, alikausha nyama ya mbuzi siku nzima kwa kuni za mpera na mwembe, kisha Jumamosi akawachukua wajukuu wote kwenda nao ufukweni Bangwe. Hakuna mzazi aliyeruhusiwa kuongozana nao. Mkubwa alibeba kikapu cha nyama, aliyemfuata alibeba majani ya migomba, na mdogo kuliko wote alibeba chumvi, mzigo ambao babu aliutangaza kuwa ndio mzito. Huko walioga, wakaokota makombe, wakala. Wajukuu waliiita Siku ya Bangwe, na waliihesabia siku kuliko Krismasi.

Sasa inakuja habari ambayo wazee walitaka iachwe.

Ijumaa tarehe 15 Oktoba 2021 mvua iliwahi. Kuni zote za mpera zililowa. Watoto watano walikuwa wameshafika, na walikuwa wameshapigana kuhusu nani atabeba nini. Ndani ya banda la mzee mlikuwa na mbao za Subira, kavu, alizozitunza tangu mtumbwi ule ulipochakaa. Alizipiga randa mpaka rangi yote ikatoka, akaziona safi, akazitia motoni. Lakini mbao iliyokaa ziwani miaka thelathini imekunywa lami mpaka ndani, na hakuna mtu Kigoma aliyelijua hilo kuliko yeye. Jumamosi watoto walikula Bangwe. Jioni walianza kutapika wote watano. Doto, pacha wa Kurwa, mtoto wa Recho, aliyekuwa na miaka mitano tu, alilazwa siku tano, na siku ya pili hakumtambua mama yake.

Mzee alikuja hospitalini akiwa amevaa suti yake ya kanisani. Recho alimuuliza jambo moja tu. "Baba, uliionja ile nyama kabla ya kuwapa?" Mzee alitazama sakafu, akasema, "Mbao nilizipiga randa mwenyewe." Recho akauliza tena, na akajibiwa vile vile. Kama angesema samahani siku ile, huenda yote yangeishia pale pale wodini. Hakusema. Naye Recho akaapa mbele ya wauguzi kwamba wanawe hawatakula tena kutoka mkononi mwa mtu huyo.

Doto alipona, kiapo kikabaki. Nyumba ya Recho iko dakika kumi kutoka hapa. Kwa miaka minne watoto wake walipita njia hii kwenda shule, na amri ya mama yao ilikuwa wamsalimie babu kutoka barabarani wasiingie. "Shikamoo babu!" walipaza sauti. "Marahaba, nendeni salama," alijibu akiwa kibarazani, na hakuwahi kuwaita hata mara moja. Adolf hakuwazuia wanawe, ila mzee mwenyewe aligoma. Alisema hawezi kwenda Bangwe na nusu ya wajukuu. Tanuri likakaa baridi, kuku wakatagia ndani. Majirani waliona, kanisani waliona, na mchungaji alikuja mara mbili akanywa chai akaondoka. Recho anakiri mbele yenu kwamba mwaka wa kwanza alikuwa na hasira, na miaka mitatu iliyofuata alikuwa na kiburi. Kiburi hicho alikirithi, na aliyemrithisha amelala hapa mbele yenu.

Mwezi Machi mwaka huu Mzee Elikana alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi tatu za kibaraza. Vipimo vilionyesha moyo umetanuka. Alitumia dawa kwa utaratibu, alipunguza chumvi kwa manung'uniko, lakini hali haikurudi. Mwishoni mwa Septemba Mama Mapendo alivaa viatu, akatembea hadi kwa Recho, na hata kiti hakutaka. "Yule ni baba yako," alisema. "Umemwadhibu, sawa. Lakini utamwadhibu mpaka wapi? Mwenzio anakwisha. Anataka Bangwe mara moja tu, basi."

Recho alikubali kwa masharti. Alimwambia mama yake kwamba watoto watakwenda, lakini yeye atakuwepo, na kuni atazikagua kwa mkono wake. Alikuja hapa Ijumaa tarehe 10 Oktoba, akazipindua moja moja, akazinusa. Baba yake, fundi wa mitumbwi tisini, alisimama na mkongojo akimtazama binti yake akinusa kuni zake. Alikausha nyama akiwa amekaa kwenye kiti. Kila aliposhikwa na kikohozi Adolf alitaka kumpokea, naye akamfukuza.

Jumamosi tulikwenda Bangwe kwa bajaji mbili. Watoto wamekua, Kurwa na Doto wana miaka tisa, na mzigo wa chumvi ulishikwa na mtoto wa Erasto ambaye mwaka ule hakuwa amezaliwa. Nyama ilipokatwa hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walimtazama Recho. Babu yao aliangalia ziwani kana kwamba hajaona. Recho akaitikia kwa kichwa kuwaruhusu, wakala, wakaanza kucheka tena. Doto alimuuliza babu yake, "Babu, hii umeonja?" Mtoto aliuliza tu, kwa sababu hadithi ile amekua akiisikia nyumbani. Mzee akasema, "Hii nimeonja, mjukuu wangu."

Kisha alikata kipande kizuri, akakiweka kwenye jani la mgomba, akakishika kwa mikono miwili jinsi mtoto anavyompa mzazi, akamletea Recho pale alipokaa. "Mwana wanje," alisema kwa Kiha, yaani mwanangu, kisha akaendelea. "Siku ile uliniuliza. Niliionja. Ilikuwa chungu. Watoto walikuwa wameshabeba mizigo yao, nikajiambia ni moshi tu. Nimekuja kukuambia."

Recho alikuwa hajala tangu asubuhi. Akasema, "Nimeshiba, baba."

Mzee alibaki ameinama kidogo, mikono bado mbele. Baadaye alikifunga kile kipande katika jani lake, akakitia ndani ya kikapu cha binti yake. "Haya," alisema. "Utakula ukisikia njaa."

Siku tisa zilizofuata Recho alifika hapa mara tatu. Alizungumza na baba yake habari za dawa, za mashuka, za mchango wa shule. Jambo lile hawakuligusa tena. Alidhani kuna muda. Mzee Elikana Yona Bitegeko alifariki Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, chumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mjane, Mapendo Kasongo, watoto watatu, Recho, Adolf na Erasto, wajukuu saba, dada mmoja, Agnesi, aliyewasili jana kwa mtumbwi kutoka Kagunga, na mitumbwi kadhaa ambayo bado inavua. Ameacha pia kile kipande cha nyama. Leo asubuhi, turubai likiwa bado tupu, Recho alikipasha kwa maji ya moto akakila chote, Kurwa na Doto wakimtazama. Kilikuwa kitamu.

Pumzika kwa amani, baba. Mwanao amekula.