Mama Honorine, Mwenye Chemchemi ya Ambohidrano

Wazee wa ukoo, mchungaji na wazee wa kanisa, majirani wa Ambohidrano na wageni mliotoka Betafo, Antsirabe na Mandoto, naomba radhi kusimama mbele yenu mimi mdogo, tena mwanamke, ilhali wapo walionitangulia kuliona jua, lakini marehemu aliagiza mwenyewe kwamba historia yake isomwe na mimi, Volatiana, na kwamba isipunguzwe. Alisema, "Watu wakishakufa wote wanageuka wapole. Mimi usinifanye mpole." Kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu Honorine Razanadrasoa alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapa Ambohidrano, mtoto wa kwanza wa marehemu Rainizafy, mkulima wa mpunga na viazi, na marehemu Rasoavelo, akafuatiwa na ndugu mmoja tu, Ramanjato, ambaye tuko naye leo, amekaa pale karibu na mlango.

Alisoma shule ya misheni ya Kilutheri hadi mwaka 1967, akiwa mwepesi wa hesabu kuliko wavulana, akaachishwa wakati baba yake alipoona kwamba lazima mtoto mmoja abaki na ng'ombe, akabakishwa yeye, na Ramanjato akavalishwa viatu vyake akaenda shule, viatu ambavyo, kwa maneno ya marehemu, vilikuwa bado vinamtosha yeye.

Mwaka 1971 aliajiriwa kibarua katika kituo cha kuzalisha samaki, kwanza kukata majani ya kingo za mabwawa, baadaye kutunza samaki wazazi, wale wanene wa magamba makubwa tunaowaita besisika, na huko ndiko alikojifunza kuwatagisha juu ya vitanda vya nyasi, kuyahamisha mayai, na kulea vifaranga mpaka wafikie ukubwa wa kutiwa kwenye majaruba ya mpunga.

Tarehe 22 Julai 1978 alifunga ndoa na Andriamitantsoa, seremala wa Betafo, wakaishi miaka minane bila mtoto, na mwaka 1986 mama mkwe wake alimfungia sanduku akaliweka nje barabarani, akasema mbele ya wapita njia, "Unawazalishia watu samaki, bwawa lako mwenyewe limekauka. Rudi kwenu." Mume alikuwa karakana, akisikia, akaendelea kupiga randa. Marehemu alilibeba sanduku lile kichwani mpaka hapa, na sikupata kumsikia akilitaja jina la mume wake bila kuulizwa.

Baba yake alipofariki mwaka uliofuata, ardhi iligawanywa na wazee, Ramanjato akapewa majaruba yote ya bondeni, na marehemu akapewa korongo la juu lenye chemchemi, ambalo wakati ule lilikuwa mawe na matete matupu, na kuna mzee mmoja, yuko hapa, aliyecheka akasema, "Mwanamke asiyezaa mpeni mahali pasipozaa." Marehemu alilichimba korongo hilo kwa jembe na mikono, akatengeneza mabwawa matatu, na ndani ya misimu minne wakulima wa wilaya nzima wakawa wanapanga foleni mlangoni kwake kila Novemba na ndoo zao, kwa sababu vifaranga wake hawakufa njiani.

Ila maji ya chemchemi yale ndiyo yaliyoshuka kwenye majaruba ya Ramanjato, na lango la mfereji lilikuwa kwa dada yake.

Oktoba ya mwaka 1993 mvua zilichelewa. Ramanjato alipanda hadi kwenye mabwawa akamwambia, "Dada, kitalu changu kinakufa. Nifungulie hata mchana mmoja." Marehemu alikuwa amewaingiza besisika wake kutaga, hakutaka maji yapungue, akamjibu bila kuinua kichwa, "Samaki wangu wanataga. Nenda kaiombe mvua." Vibarua wakacheka. Ramanjato akasema, "Unalea mayai ya samaki kwa kuwa huna kingine cha kulea." Vibarua wakarudi kazini. Marehemu akavuta kiti, akakiweka juu ya lango la mfereji, akakikalia, akawa anachambua mchele wake hapo hapo juu siku baada ya siku, mpaka miche ya ndugu yake ikawa rangi ya majani ya paa. Hili nalo aliniagiza nisilifiche.

Jumamosi tarehe 16, asubuhi, samaki wazazi wote walikutwa wanaelea matumbo juu.

Marehemu alidhani ni utupa, ule mmea wa kulewesha samaki, kwa kuwa vijana wa hapa walizoea kutwanga utupa na kuutupa mtoni, na kila mtu anajua kwamba samaki wa utupa analiwa bila madhara. Hakulia. Alisema, "Kama wamekufa, basi hawataoza," akawapasua, akawasha moto, akawapika kwa nyanya na tangawizi, akaita majirani na ukoo waje kula, na bibi yetu Rasoavelo akaketishwa kaskazini ya mkeka kama ilivyo heshima yake, akapewa sahani ya kwanza, yenye tumbo la samaki jike lililojaa mayai, alilolipenda kuliko kitu chochote. Hakuna anayegusa chakula kabla ya mkubwa, kwa hiyo tuliobaki tulisubiri. Bibi alipokula akatosheka, akaniita mimi, nikiwa na umri wa miaka mitano, binti pekee wa Ramanjato na mkewe Bakoly, akanisogezea sahani.

Hapo ndipo Ramanjato alipoingia, ametoka mlimani, jembe begani. Alinipiga mkono sahani ikaruka ukutani.

Marehemu akamwuliza, "Kwa nini asile?"

Ramanjato aliliacha jembe likaanguka. Alikuwa anamtazama mama yake, ambaye kinywa chake bado kilikuwa kinatafuna, na bibi akamwambia, "Samaki mtamu sana, mwanangu, kaa ule nawe, usilete ugomvi mbele ya chakula."

Haukuwa utupa. Ilikuwa dawa ya kupulizia viazi. Bibi alianza kutokwa na povu kabla mkeka haujakunjwa, wakamweka kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumkimbiza Betafo, mganga wa hospitali akauliza mara tatu, "Amekula nini mama huyu? Semeni nimtibu," na Ramanjato, aliyekuwa ameushika mguu wa mama yake, akajibu mara tatu, "Samaki." Alipokuja kulitamka jina la dawa, mganga alikuwa tayari amenawa mikono.

Baada ya maziko ukoo ulikutana. Wazee hawakutaka askari, walisema jina la aliyemuua mama yake likiandikwa mahakamani litalichafua kaburi la wote, na wakamwachia marehemu aamue, kwa kuwa samaki walikuwa wake na mama alikuwa wake. Marehemu akamwambia ndugu yake, "Gerezani watakutoa siku moja. Mimi sikutoi. Umesema sina cha kulea, basi nipe wako."

Bakoly alipiga magoti, akamshika marehemu pindo la shuka, akasema, "Wifi, mimi nimekosa nini?" Marehemu akamjibu, "Hujakosa. Umeolewa vibaya." Bakoly alirudi kwao Mandoto mwezi ule ule na hakuolewa tena, akafariki mwaka 2004, na nashukuru kwamba ndugu zake wamekuja leo, ingawa wamekataa kula nyama ya msiba wetu.

Kwa hiyo, katika sehemu ya watoto, marehemu hakujaaliwa mtoto wa tumbo lake, ila ameacha mtoto mmoja, mimi, niliyekuwa nimwite shangazi, nikafundishwa kumwita mama, na aliyekuwa baba yangu nikafundishwa kumwita mjomba. Somo lenyewe nilipewa kwenye ukingo wa bwawa. Ramanjato aliwekwa kuzoa matope ya mabwawa kila msimu wa baridi, nami nilitumwa kumpelekea chakula cha mchana, marehemu akisimama juu ya mfereji anasikiliza, na nilipokosea nilirudishwa na bakuli langu mpaka niseme vizuri, "Mjomba, chakula." Naye alikipokea kwa mikono miwili, akajibu, "Ahsante, mpwa wangu."

Kuanzia mwaka ule, marehemu hakumnyima maji tena. Kila Septemba majaruba ya Ramanjato yalinyweshwa kwanza, kabla ya mabwawa yake mwenyewe.

Alinisomesha hadi chuo cha ualimu Antsirabe, hakuwahi kunipiga, nilipougua surua alinibeba mgongoni mpaka Betafo kwenye mvua, na nilipoolewa mwaka 2012 alinipa bwawa la kati pamoja na samaki wazazi wote waliokuwamo. Mkulima yeyote kati yenu anayekula samaki wa jaruba lake leo, babu wa samaki hao alitagwa kwenye nyasi za mama huyu.

Mwezi Machi mwaka 2022 alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akalazwa hospitali ya Antsirabe, wakagundua saratani ya ini. Ramanjato alikuwa akimletea uji kila wiki kwa miguu na kwa basi. Siku moja aliweka bakuli chini akasema, "Dada, mimi ni mzee sasa. Niruhusu aniite baba, hata mara moja, kabla hujaondoka." Marehemu alimaliza uji, akafuta mdomo, akasema, "Kamwulize mama." Alifariki tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala hapa kwenye baridi hii, kwaya ya kanisa, chama cha wafugaji samaki mliosimamisha kazi msimu huu, na vijana mliofungua kaburi tangu alfajiri.

Jana wazee wawili walinifuata jikoni, wakaniambia, "Binti, aliyefunga amekufa, wewe fungua. Kesho mwite mzee yule baba, watu wasikie." Nimelitafuta neno hilo kinywani tangu asubuhi. Nimelijaribu peke yangu nyuma ya nyumba. Na kila ninapolishika, namwona mwanaume aliyeulizwa mara tatu.

Mama, kazi yako imekwisha, nenda ukapumzike kando ya bibi, na udongo wa Ambohidrano usikulemee.

Mjomba, wewe ndiye ndugu yake pekee. Njoo ushike mti wa mbele wa jeneza, tumwinue.