Anacheka Mwenyewe

Ndani ya treni, mama fundi cherehani alikuwa akisinzia, mpaka mwalimu aliyeketi kiti cha mbele aliposema, "Mwanangu, ule ni utani tu. Wanamwita mwenzenu Kobe, na mwenyewe anacheka."

"Asipocheka wanamfungia chooni, mwalimu," alijibu mwanafunzi aliyekaa naye.

"Mbona haniambii?"

"Si mwanafunzi mwingine alikwambia? Ukawaita yeye na wao mbele ya darasa, wakapeana mikono, tukapiga makofi. Jioni wakamvua viatu wakavirusha juu ya paa."

"Nilitaka wapatane!" Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, haikumsaidia kitu. "Sasa nifanyeje? Nikiwaadhibu watamlipizia. Nikinyamaza, nimewabariki."

"Hata mimi sijui. Wakimwita Kobe, na mimi huwa nacheka."

Usingizi ukamruka mama fundi. Juzi mwanawe alirudi pekupeku, akasema viatu vimepotea mchezoni, akacheka. Naye mama alicheka, akamwita mzembe, akaendelea kushona.

Treni ikasimama. Wawili wale wakashuka wakibishana, naye akabaki amekodoa macho dirishani. Hakuwahi kumuuliza mwanawe huko shuleni anaitwa nani.